Mguu kifundo CCBRT Msasani: huduma ya kuaminika, mradi viatu vivaliwe

Mtoto akizaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zilizopindia ndani na kisigino kimevutwa juu, mzazi wa Dar es Salaam hana haja ya kuzunguka sana. Ampeleke CCBRT, Msasani. Tunasema hivyo kwa sababu tiba ya mguu kifundo ni mnyororo mrefu wa kazi ndogondogo, na hii ni moja ya hospitali chache ambako fiziotherapia, upasuaji na utengenezaji wa vifaa vinakaa mahali pamoja. CCBRT ni asasi isiyo ya faida iliyoanza mwaka 1994. Wengi wanaijua kwa macho na fistula, lakini utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake, ndio uliomo ndani ya jina lake: Comprehensive Community Based Rehabilitation in Tanzania.

Njia inayotumika ni ya Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu haupasuliwi ili kunyooshwa. Unasogezwa kidogo kidogo kwa mkono, kisha unafungwa plasta, ile ambayo mitaani inaitwa hogo, ukae hapo ulipofikishwa. Baada ya wiki hogo linatolewa, mguu unasogezwa tena, linafungwa jingine. Kwa mtoto mchanga, mara tano au sita kwa kawaida zinatosha. Wakati mzuri wa kuanza ni wiki ya kwanza au ya pili tangu kuzaliwa, maana kano bado ni laini.

Mzazi aangalie mambo mawili, ambayo ndiyo yanayotenganisha kliniki nzuri na ya kubahatisha. La kwanza, hogo lipande hadi pajani, goti likiwa limekunjwa kama pembe ya meza. Hogo linaloishia chini ya goti huteleza kama soksi iliyolegea, na halizuii mguu kujizungusha kurudi ndani. La pili, mtaalamu asiubinue wayo kwa nguvu ili utazame chini na nje kwa mara moja. Kwanza anainua upande wa kidole gumba ili unyayo usiwe na bonde, ndipo anaupeleka mguu nje huku kidole gumba chake kikikaza kwenye kifupa kinachojitokeza juu ya wayo, upande wa nje. Kisigino hakishikwi. Akikibana kisigino, mguu hauwezi kuzunguka, na mnaweza kufunga mahogo kumi bila faida.

Nyumbani, kazi ya mama ni vidole. Vibonyeze mpaka viwe vyeupe, halafu achia: rangi inatakiwa kurudi mara moja. Vikiwa vya bluu, vimevimba au vya baridi, rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Vidole vikianza kutoonekana, maana yake si kwamba mtoto amekua. Hogo limeteleza, na likiachwa linaweza kumchubua na kumharibia mguu zaidi ya ulivyokuwa. Harufu mbaya au majimaji pia ni ya kurudi nayo mapema. Tena hogo lisitolewe nyumbani usiku wa kuamkia kliniki. Saa chache tu bila hogo, mguu unaanza kurudi ulikotoka, na sehemu ya kazi ya wiki imepotea.

Hogo la mwisho likikaribia, watoto walio wengi huhitaji kano ya kisigino ikatwe. Neno "kukatwa" huwatisha wazazi, na wapo wanaokimbia hapo hapo. Ni tundu dogo la kisu, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu kwa mtoto mchanga, dakika chache. Kano inajiunga tena ikiwa ndefu zaidi ndani ya wiki tatu ambazo mtoto anakaa na hogo. Hatua hii ikirukwa, kisigino hubaki juu, na mtoto atatembelea vidole.

Hapo mguu umenyooka, picha zinapigwa, familia inashangilia. Na hapo ndipo wengi hupotea.

Mguu kifundo una tabia ya kurudi, na kinachouzuia ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Miezi mitatu ya kwanza vinavaliwa saa 23 kwa siku, saa moja inabaki ya kuoga na kupumzika. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, mpaka mtoto afike miaka minne au zaidi. Aina inayotumika sana Afrika Mashariki ilibuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, kwa ngozi na chuma vinavyopatikana huku huku. Chuma kiwe na upana wa mabega ya mtoto. Kiatu cha mguu uliokuwa umepinda kitazame nje nyuzi 60 hadi 70, na cha mguu mzima nyuzi 30 hadi 40. Kwa nyuma kuna tundu: chungulia, kisigino lazima kionekane kimekaa chini. Kikiwa juu, fungua, kandamiza, kaza kamba upya.

Siku mbili tatu za kwanza mtoto atalia, kwa sababu amezoea kupiga teke kwa mguu mmoja mmoja. Mshike chuma, umsukume miguu yote miwili pamoja ukicheza naye, atajifunza. Malengelenge kwa kawaida hutokana na kiatu kilicholegea, si kilichobana, kwa hiyo kukilegeza zaidi ni kuongeza kidonda. Soksi za pamba, na usipake mafuta palipochubuka. Ukiona kisigino kinapanda au mguu unapindia ndani, usikae nalo. Likiwahiwa, mahogo machache huurudisha.

Sababu za kuachia njiani tunazijua wote: bibi kumwonea mjukuu huruma, safari ya kijijini viatu vikaachwa, vimembana na hakuna aliyerudi kuchukua vikubwa. Kubwa kuliko zote ni nauli. Kurudi kila wiki kutoka mkoani ni mzigo ambao ubora wa mtaalamu hauuondoi. Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa kupitia mabalozi wake wa huko waliko, yaani watu wanaowatambua wagonjwa na kuwaelekeza hospitali, mojawapo ya mawazo bora kabisa tuliyoyaona katika afya. Mfadhili anayetaka fedha yake ionekane kwenye miguu ya watoto, aiweke kwenye nauli.

Anayeishi mbali aulize kwanza hospitali ya mkoa wake kama ina kliniki ya Ponseti. Walio Kenya wana AIC-CURE Kijabe, na Uganda ipo CoRSU, Kisubi. Siku ya kwanza nenda asubuhi na kadi ya kliniki, mtoto awe ameoga vizuri miguu, na awe na njaa kidogo ili anyonye wakati wa kufungwa hogo, maana mtoto anayenyonya hulegeza mguu. Anayemlea kila siku, hata kama ni shangazi au bibi, aje naye asikie maelezo ya viatu kwa masikio yake. Na kama mtoto ameshapita mwaka, hata miwili, mpelekeni vivyo hivyo. Mahogo yataongezeka, lakini njia ni hiyo hiyo.