Pawa Pop Mpya za Lebo Ndogo: Albamu za Kununua Kwanza, na Kama Uchukue Faili, CD, Santuri au Kaseti

Kosa linalowagharimu wengi wanaonunua pawa pop ni kulipia albamu nzima kwa sababu ya wimbo mmoja. Muziki huu umejengwa juu ya kiitikio: gitaa zinazolia wazi, dramu zinazosukuma, sauti mbili tatu zinazopanda pamoja, na mara nyingi wimbo umekwisha kabla ya dakika nne. Bendi yoyote yenye bidii itapata kiitikio kimoja kizuri. Kupata kumi na viwili ni kazi nyingine kabisa, na hicho ndicho kipimo tulichotumia hapa: albamu inashika vipi baada ya wimbo wake unaovuma kupita?

Siku hizi hakuna haja ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki ambako lebo ndogo nyingi huuza, mara nyingi unaweza kusikiliza albamu nzima kabla ya kulipa. Ruka wimbo wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo bendi huweka chambo. Sikiliza wa tatu, kisha ule unaofungua nusu ya pili, kisha wa mwisho. Angalia kwanza kama ubeti una melodi yake mwenyewe au unasubiri tu kiitikio kifike. Halafu sikiliza sauti za kuitikia. Waimbaji wakishika noti tofauti, mmoja juu ya melodi na mwingine chini yake, utasikia wimbo ukipanuka. Ikiwa ni sauti ileile iliyorekodiwa mara mbili, itakuwa nene lakini haitapanuka, na ukifika wimbo wa sita utakuwa umechoka bila kujua kwa nini. Fanya jaribio hili kwa hedifoni na sauti ikiwa chini. Spika ya simu huficha besi, na pia huficha matoazi yaliyokwaruza kwa sababu albamu imesukumwa ili isikike kubwa kupita kiasi.

1. The Beths, "Expert in a Dying Field" (Carpark, 2022)

Ukiwa na nafasi ya kununua moja tu, chukua hii. The Beths wanatoka Auckland, New Zealand. Elizabeth Stokes anaandika na kuimba, Jonathan Pearce anapiga gitaa na ndiye mtayarishaji, na wote wanne huimba. Hilo la mwisho ndilo linalowatofautisha, kwa sababu sauti za nyuma zinajibu maneno, zinamkatiza mwimbaji, na wakati mwingine hubeba wazo ambalo yeye mwenyewe hataki kulitamka.

Wimbo uliobeba jina la albamu unaeleza mapenzi yaliyokwisha yanayomwachia mtu utaalamu wa kumjua mwenzake, utaalamu ambao hana tena pa kuutumia. Melodi yake ni nyepesi, maneno yake ni mazito, na hakuna kinachomwonea mwenzake. Kisha "Silence Is Golden" unaingia kwa kasi na dramu zinakimbia huku maneno yakilalamikia kelele. Wimbo wa mwisho, "2am", unapunguza mwendo na kuacha nafasi. Albamu nyingi za aina hii hazithubutu kubadilisha mwendo hivyo, ndiyo maana zinachosha.

Ina urefu wa kati ya dakika 40 na 50, kwa hiyo kwa hii chagua faili au CD kabla ya santuri. Sababu iko chini. Ukishaipenda, endelea na "Straight Line Was a Lie" ya 2025, iliyotoka kwa lebo ya Anti-.

2. The Lemon Twigs, "A Dream Is All We Know" (Captured Tracks, 2024)

Hawa ni ndugu wawili wa Long Island, New York, Brian na Michael D'Addario, na ala nyingi wanazipiga wenyewe. Nyimbo 12, chini ya dakika 40. Kwa sauti za kuitikia hakuna wa kuwafikia katika orodha hii. Sauti za ndugu hukaa pamoja kwa namna ambayo waimbaji wasio ndugu hujifunza kwa shida, na hapa zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila moja na njia yake.

Imeshika nafasi ya pili kwa sababu moja tu: ukiwa hupendi mipangilio ya miaka ya 1960 na 1970, utahisi uko makumbusho. Angalia pia usiichanganye na "Everything Harmony" ya 2023. Ile ni tulivu, ina gitaa za akustika na nyimbo za huzuni. Ni nzuri sana, ila anayetaka gitaa za kuruka atadhani amedanganywa.

3. Sharp Pins, "Radio DDR" (2024; toleo la K na Perennial, 2025)

Sharp Pins ni Kai Slater wa Chicago, ambaye pia yumo katika bendi ya Lifeguard. Rekodi ni mbichi kwa makusudi, yenye mnong'ono wa tepu na sauti zilizosogezwa nyuma. Wanunuzi wengine hudhani faili limeharibika. Halijaharibika. Ipe nyimbo tatu sikio lizoee, kisha melodi zinatokeza moja baada ya nyingine, na utashangaa jinsi kijana huyu anavyojua mahali hasa pa kubadilisha noti ili kiitikio kinase.

4. Liquid Mike, "Paul Bunyan's Slingshot" (2024)

Nyimbo 13 kwa takriban dakika 25. Bendi hii ya Marquette, Michigan, inapiga gitaa nzito zenye mkwaruzo, na hakuna utangulizi unaozidi sekunde chache. Inawafaa waliotoka kwenye panki. Udhaifu wake ni kwamba nyimbo kadhaa huisha ukiwa bado unataka ubeti mmoja zaidi.

5. 2nd Grade, "Easy Listening" (Double Double Whammy, 2022)

Bendi ya Philadelphia inayoongozwa na Peter Gill. Nyimbo fupi zenye ucheshi na macho makali. Anza na hii kabla ya "Hit to Hit" ya 2020, ambayo ina nyimbo 24 na inahitaji subira.

6. Dazy, "OUTOFBODY" (Lame-O, 2022)

James Goodson wa Richmond, Virginia, anatumia mashine ya dramu chini ya ukuta wa gitaa. Viitikio ni vya kweli, ila mapigo yasiyobadilika huchosha masikio mapema. Nunua faili tu.

Sasa, ununue kwa umbo gani? Faili lisilopoteza ubora ndilo la kwanza, bila ubishi. Ukilipa, chagua FLAC, au ALAC ikiwa utaliingiza kwenye programu ya muziki ya Apple, ambayo haipokei FLAC. Albamu ya dakika 40 kwa MP3 ya kbps 320 ni karibu MB 96. FLAC itakuwa mara mbili hadi tatu ya hapo. Kwa sikio la kawaida tofauti ni ndogo, lakini kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, na kinyume chake ubora uliokwisha kupotea haurudi. Pakua siku hiyohiyo, fungua faili la zip, hesabu nyimbo, kisha weka nakala sehemu mbili. Usitegemee kusikiliza mtandaoni peke yake, maana msanii au lebo huweza kuondoa albamu.

CD inafuata. Hapa geuza sahani uangalie upande wa chini: rangi ya fedha ina maana imefyatuliwa kiwandani, ilhali rangi ya kijani, buluu au zambarau huashiria CD-R iliyochomwa kwa kompyuta, jambo la kawaida kwa matoleo ya nakala chache. CD-R hucheza vizuri ikiwa mpya, lakini rangi yake hufifia kwa joto na mwanga. Ukiipata, hamishia nyimbo kwenye kompyuta mapema.

Santuri inapendeza kwa pawa pop kwa sababu albamu ni fupi. Santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika hutoa sauti nzuri kwa takriban dakika 20 kila upande. Ikizidi hapo, fundi hulazimika kupunguza ukubwa wa sauti au besi ili mifereji itoshe. Tena, kadiri sindano inavyokaribia katikati, mfereji hupita polepole chini yake, na herufi "s" pamoja na matoazi huanza kukwaruza. Ndiyo maana albamu ya dakika 25 kama ya Liquid Mike haisumbuki, na ile ya The Beths iko mpakani. Santuri nzito za gramu 180 hazileti sauti bora kwa uzito huo pekee. Unaloweza kudai haki yake ni tundu lisilo katikati: noti ndefu zitayumba juu na chini kwa kila mzunguko. Rekodi video fupi ikionyesha sindano ikienda kando na kurudi, umtumie muuzaji, uombe nyingine.

Kaseti iweke mwisho. Ina mnong'ono, na mwendo wake hutegemea mashine uliyonayo. Ichukue kama kumbukumbu, na hakikisha inakuja na faili.

Nunua kwa bendi au lebo yenyewe ukiweza. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye faili na 10 kwenye bidhaa za kushika, mbali na ada za malipo. Tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalum ambazo huacha kukata sehemu yake, kwa hiyo subiri siku hizo kama huna haraka. Muziki huu umeumizwa na usambazaji tangu zamani: Big Star wa Memphis walitoa "#1 Record" mwaka 1972, ikasifiwa na wahakiki, na wasomaji wao hawakuikuta madukani.

Gharama ya posta ya santuri moja inaweza kukaribia bei ya santuri yenyewe. Agiza mbili au tatu kwa lebo moja, soma tarehe ya kutumwa kabla ya kulipia oda ya mapema, na uliza kuhusu ushuru wa forodha. Nakala zikiisha, usikimbilie za mkono wa pili kwa bei ya kuruka. Lebo ndogo huchapa upya mara kwa mara. Na kwa "Radio DDR" linganisha orodha ya nyimbo kabla ya kulipa: toleo la 2025 lina nyimbo za ziada ambazo lile la 2024 halina.