Vakyumu ya Kazi ya Mazulia Mwanza: Uanze na Ipi?

Zulia la Mwanza lina mchanga. Vumbi lipo kila mji, lakini huku kwetu kuna chembe za yale mawe ya vilima vyetu, ngumu, zinazama hadi kwenye mashina ya nyuzi na kukaa. Ukimwaga maji kabla ya kuzitoa, umekoroga tope ndani ya zulia la mtu. Kwa hiyo anayetaka kuosha mazulia kwa pesa asianze na sabuni wala brashi, aanze na mashine ya kufyonza.

Namba moja kwangu ni vakyumu ya pipa inayofyonza vikavu na maji, tanki la lita 30 hivi, mota moja. Asubuhi inatoa mchanga, mchana inavuta maji ya zulia lile lile ulilolisugua kwa mkono. Angalia mota yake ipozwe na hewa ya pembeni, si ile yenye unyevu inayotoka kwenye tanki. Ndani kuwe na boya la kukata mvuto maji yakijaa. Ila boya halizuii povu. Mota yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, nyumba moja Nyegezi, kwa kuzidisha sabuni: povu lilipita juu ya boya kama halipo, ikabaki harufu ya kuungua na mimi kutafuta la kumwambia mwenye nyumba. Siku hizi nanunua dawa ya kuua povu kabla sijanunua sabuni.

Kwa nini mota moja na si pipa kubwa la mota tatu? Panda nalo Igogo au Mabatini kwanza. Bodaboda inaishia chini, kuanzia hapo ni ngazi na mawe, mashine iko begani. Halafu kuna umeme: mashine ya wati 3,000 kwenye volti 230 inavuta kama ampea 13, ndiyo mwisho wa plagi zetu. Soketi ya zamani itaanza kunuka.

Na wati zisikudanganye. Namba kubwa kwenye boksi ni umeme inaokula, siyo nguvu ya kufyonza. Tangu Septemba 2017 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha wati 900 kwa vakyumu za nyumbani, na mazulia yao yanasafishika. Muulize muuzaji kilopaskali (nguvu ya mvuto) na lita za hewa kwa sekunde. Akirudia kutaja wati, basi hajui anachouza. Mashine ya wati 1,400 ikiwaka saa nzima inakula uniti 1.4 za LUKU ya mteja, mwambie mapema.

Namba mbili ni mashine ya kunyunyiza na kuvuta hapo hapo. Kärcher Puzzi 10/1 ni mfano mzuri: lita 10 za maji safi, lita 9 za machafu. Masika, Machi hadi Mei, zulia lililobaki na maji linanuka kabla halijakauka, na hapo mashine hii inarudisha pesa yake. Ni ya masofa, na mazulia yasiyotolewa nje: misikitini, ofisini, vyumba vya hoteli. Haijawa ya kwanza kwa sababu haitoi mchanga mkavu. Bado utahitaji pipa. Ukiwa tayari na mteja wa hoteli pale Capri Point, ianze yenyewe, sibishani. Mwenye mtaji wa mashine moja tu aitazame Numatic George, ile ya kijani, inafanya kazi zote tatu: kufyonza vikavu, kufyonza maji, na kunyunyiza na kuvuta.

Tatu, vakyumu ya kusimama yenye brashi inayozunguka. Nikiri: kwa mchanga mkavu inalishinda pipa, maana inapiga zulia huku inafyonza. Hata wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufia sebuleni inawaokota vizuri, wakiwa wakavu, usiwapanguse. Lakini haigusi maji, mkanda wake hukatika, na zulia la manyoya marefu linajisokota kwenye brashi.

Za betri na zile ndogo za mfuko waachie wenye nyumba.

Mtumba wa Uingereza hauna shida, volti na plagi ni kama zetu. Wa Marekani ni volti 120. Ukiuchomeka bila transfoma unaungua. Soma kibandiko cha chini kabla ya kutoa pesa.

Ukienda dukani beba kipande cha zulia na kiganja cha mchanga, omba ndoo ya maji. Uliza kaboni za mota (vile vipande vya ndani vinavyolika) na filta zinapatikana wapi hapa mjini, siyo Dar. Muuzaji akiogopa kulowesha sakafu, mjaribie nje barazani. Akikataa na huko, vuka barabara, kuna duka jingine.