Maini ya Burma yalivyomrudisha Chui getini

Chui ni mbwa wa kienyeji, ana miaka 2 na kilo 18, sikio moja limesimama, la pili limelala. Tunakaa Buruburu, Nairobi, na geti letu linafungukia barabarani. Februari alichomoka nikimfungulia mtu wa mkokoteni wa maji, akapita mbele ya bodaboda. Yule kijana alimkwepa kwa nafasi ya kiganja tu. Nilimwita mpaka koo likakauka, hakugeuka hata shingo. Tangu siku hiyo jiko langu limekuwa la watu na la Chui, maana nilitaka nipate chakula ambacho akikisikia harufu ataacha chochote na kurudi.

Nilianza na pakiti ya dukani, shilingi 850. Vipande vigumu, virefu kama kidole cha mwisho. Utamu havikukosa, Chui alivipenda sana. Ila alikuwa akipewa kimoja anaenda nacho chini ya mti wa avokado, analala, anatafuna karibu dakika nzima, na akiinuka ameshasahau nilimpa kwa sababu gani. Mbwa huunganisha alichofanya na alichopewa pale tuzo inapofika papo hapo, sekunde moja au mbili. Kwa hiyo kipande kiwe kidogo kama punje ya njegere, laini, kimezwe mara moja, macho yarudi usoni pako. Ile pakiti niliimaliza kwa kuikatakata na kisu cha mkate.

Maini ndiyo yaliyoshinda. Nanunua nusu kilo soko la Burma, kwa muuzaji mmoja ambaye siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, ya mbwa ama ya watu?" Nikamwambia, "Nikatie yaleyale unayowakatia watu." Nataka nyama iliyokaguliwa, kwa sababu mapafu na maini ya mnyama mgonjwa yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo tegu, mbwa akiyala mabichi hubeba minyoo hiyo, na mayai yake yakaishia mikononi mwa watoto wanaocheza naye. Yakipikwa mpaka ndani, hatari hiyo inaisha.

Nayachemsha dakika 15 bila chumvi, bila kitunguu, mpaka nikikata katikati nisione wekundu. Maji yake siyamwagi, yanaingia kwenye ugali wake wa jioni. Nikishayakata vidogo nayatandaza kwenye trei, oveni ikiwa na moto mdogo wa nyuzi 100, saa moja na nusu hivi. Kabla sijapata oveni nilikuwa natumia ile njia ya kuoka keki kwenye jiko la makaa, moto kidogo chini na makaa machache juu ya kifuniko cha sufuria. Yanatoka vizuri pia, mradi usiondoke jikoni. Kipande kilichoiva sawasawa nje ni kikavu, hakipaki damu mfukoni, na ukikibana kwa kucha kinabonyea. Ukikikausha mpaka kivunjike kama kokoto, umerudi palepale pa ile pakiti ya dukani. Harufu inajaza nyumba nzima na haitoki kwenye koti hata ukilifua. Hilo nimelikubali.

Omena, yaani dagaa, nilizitegemea sana na zimenisaidia nusu. Ni rahisi, zina harufu kali, na mifupa yake ni midogo haimsumbui. Lakini zina mchanga. Ninaziosha kwa maji moto mara tatu, nakata vichwa, nakaanga kavu kwenye kikaango bila mafuta. Kwa kumfundisha kukaa na kusubiri ndani ya ua, zinatosha kabisa. Barabarani haziwezi: paka wa jirani akipita, omena inasahaulika.

Viazi vitamu vya kuchemsha havina mengi. Chui anavila kwa adabu tu, ila jirani yangu ana jike mwenye tumbo jepesi asiyestahimili maini, na huyo kwake ni sherehe.

Siagi ya njugu niliacha kuipaka kijikoni. Baadhi ya mikebe ina sukari mbadala iitwayo zailitoli, na hiyo ni sumu kwa mbwa hata kidogo. Njugu na mahindi yenye ukungu nayo yana aflatoksini, ambayo huharibu ini la mbwa haraka. Uchungu unanishika nikiona watu wanatafuta unga ulioharibika eti ni wa mbwa. Zabibu kavu, chokoleti, kitunguu na kitunguu saumu havimkaribii Chui, kwa hiyo mabaki ya pilau ya Jumapili si ya mazoezi.

Hata maini nayapima. Yana vitamini A nyingi, yakizidi kila siku yanamdhuru. Tuzo zote za siku nazishikilia chini ya sehemu moja kwa kumi ya chakula chake, na ugali naupunguza. Maini ni ya jambo moja tu, kuitwa na kuja. Kukaa, kulala, kutoa mguu, yote hayo analipwa omena. Nadhani hapo ndipo wengi tunapokosea, tunampa kitu kizuri kwa kila tendo mpaka kinakosa thamani. Nusu kilo inanifikisha wiki tatu: ya siku nne kwenye friji, iliyobaki kwenye friza katika vifuko vidogo.

Jumamosi iliyopita mtu wa maji alirudi. Geti lilipofunguka Chui alikuwa ameshatoa kichwa na miguu ya mbele nje. Nikaita mara moja, bila kupiga kelele. Lile sikio lililolala likainuka, akasimama na mguu mmoja hewani, kisha akageuka mwili mzima akaja mbio, akaketi mbele ya viatu vyangu akitazama mfuko wa koti. Nilimpa vipande vitano, kimoja baada ya kingine, mikono ikinitetemeka, mpaka geti likafungwa.