Nilirudi Mara ya Pili na Shangazi: Uzoefu Wangu wa Les Misérables Jukwaani

Siku nne baada ya kuitazama Les Misérables kwa mara ya kwanza nilikata tiketi nyingine. Hadithi nilishaijua yote, nani anakufa na nani anabaki, na bado nilitaka kurudi. Filamu haijawahi kunifanya hivyo, wala mchezo wa kuigiza usio na nyimbo. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyeingia ukumbini mara mbili, mara ya kwanza peke yake na mara ya pili na shangazi yake. Ni ile mara ya pili iliyonifanya nielewe kwa nini watu wanazipenda tamthilia za muziki kiasi hiki.

Kwa ambaye hajaiona: muziki ni wa Claude-Michel Schönberg, na maneno ya awali ya Kifaransa yaliandikwa na Alain Boublil na Jean-Marc Natel kutokana na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862. Ilichezwa kwanza Paris mwaka 1980, kisha toleo la Kiingereza likafunguliwa London mwezi Oktoba 1985. Wahakiki wengi wa magazeti hawakuipenda. Watu wa kawaida wakapanga foleni ya tiketi hata hivyo. Jean Valjean, mfungwa namba 24601, anaachiwa mwaka 1815 baada ya miaka 19 gerezani, mitano kwa kuiba mkate na iliyobaki kwa kujaribu kutoroka. Inspekta Javert anamwandama tangu hapo mpaka kwenye vizuizi ambavyo waasi wameviweka barabarani Paris, Juni 1832. (Wengi hudhani yale ni Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Sivyo. Ni uasi mdogo zaidi, uliozimwa kwa siku mbili, na ukilijua hilo mapema huzuni ya nusu ya pili inakuwa nzito zaidi.) Karibu kila neno linaimbwa. Hakuna ile hali ya watu kuzungumza, kunyamaza, halafu ghafla mmoja akaanza kuimba, jambo linalowasumbua baadhi ya watazamaji wapya. Hapa unaingia kwenye muziki tangu dakika ya kwanza na unatoka nao.

Usiku wa kwanza nilikaa juu, kwenye roshani, safu za nyuma. Nianze na malalamiko ili niyamalize. Sauti kule juu haikuwa nzuri. Kwenye sehemu za haraka, hasa wimbo wa mwenye nyumba ya wageni na mkewe, ngoma na besi zilimeza karibu nusu ya maneno. Waimbaji siwalaumu hata kidogo. Kila mmoja amefichiwa kipaza sauti kidogo kwenye nywele au juu ya paji la uso, na fundi wa sauti ndiye anayekifungua na kukifunga kwa wakati wake. Kwa kawaida meza ya fundi huyo huwa chini, nyuma ya viti, na anachokisikia yeye pale si lazima kiwe ndicho tunachokisikia tuliobanwa chini ya dari. Niliwaandikia wenye ukumbi nikiwaeleza hayo kwa adabu. Sikujibiwa.

Lakini ukaja wimbo unaofunga nusu ya kwanza, One Day More, na nikasahau yote hayo.

Ngoja niueleze vizuri, maana kwangu hapo ndipo penye utamu wenyewe. Ni usiku wa kuamkia uasi. Valjean anapanga kukimbia tena. Marius, mmoja wa wanafunzi waasi, na Cosette, binti anayelelewa na Valjean, wanaagana. Eponine anampenda Marius na anajua hatapendwa. Wanafunzi wanajiandaa kupigana, Javert anajiandaa kuingia kati yao kama mpelelezi, na yule mwenye nyumba ya wageni na mkewe wanasubiri kuwaibia watakaokufa. Kila upande unaingia na wimbo wake, na nyimbo hizo unazifahamu kwa sababu nyingi umeshazisikia mmojammoja huko nyuma. Halafu zinaanza kupandana. Wa pili anaingia kabla wa kwanza hajamaliza, wa tatu anaingia juu ya wawili, mpaka jukwaa zima linaimba mambo tofauti kwa wakati mmoja.

Katika mchezo wa maneno, watu sita wakisema pamoja ni kelele tu. Hapa si kelele, kwa sababu okestra chini yao inapiga mwenendo mmoja ambao nyimbo zote zinaukalia. Sikio linamshika huyu, linamwachia, linamrukia yule. Unajua wote wanataka nini, na unajua haiwezekani wote wakapata. Wao wenyewe hawajui, kwa maana kila mmoja anaimba kana kwamba yuko peke yake. Wewe uliyekaa kitini ndiye pekee unayewasikia wote. Nilijikuta nimeshikilia kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

Nyumbani niliitazama tena sehemu hiyo kwenye filamu ya 2012 iliyoongozwa na Tom Hooper. Filamu hiyo naiheshimu. Waigizaji waliimba palepale mbele ya kamera, hawakufuatisha midomo kwenye sauti iliyorekodiwa studio, na nyuso zinaonekana kwa karibu kuliko utakavyowahi kuziona ukiwa ukumbini. Ila kamera lazima ichague uso. Inamwonyesha Valjean, inamwacha, inamwonyesha Javert. Jukwaani wote wako mbele yako na unayechagua ni wewe. Mimi nilimchagua Eponine, aliyesimama pembeni kabisa. Jirani yangu wa kiti cha kulia, nilivyoona, hakuwaondolea macho wale wanafunzi hata mara moja. Tulitoka tumetazama vitu viwili tofauti ndani ya dakika zilezile.

Mara ya pili nilimchukua Shangazi, na safari hii tulikaa chini, safu za katikati. Kiingereza chake hakizidi salamu. Njiani nilimsimulia hadithi yote kwa kirefu, na kusema kweli nilikuwa na wasiwasi kwamba saa tatu kasoro za kuimbiwa kwa lugha asiyoielewa zingemchosha. Tulipofika mlangoni tukakuta karatasi imebandikwa: Javert wa usiku ule ni mwigizaji wa akiba. Nilinyong'onyea. Javert wa usiku wa kwanza alikuwa na sauti ya kutikisa kuta, na nilitaka Shangazi amsikie yule.

Huyu wa akiba sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo, lakini alimwimba mtu mwingine kabisa. Yule wa kwanza alikuwa ukuta. Huyu alikuwa mtu anayeogopa ufa uliomo ndani ya ukuta wake. Alipoziimbia nyota, akiapa kwamba hatamwachia mkimbizi wake, nilimwona kama anaomba, wakati mwenzake alikuwa akitoa amri. Baadaye nilisoma jinsi kazi hii inavyokwenda. Maonyesho kwenye kumbi kubwa za London na New York ni manane kwa wiki, na koo la binadamu halihimili hayo bila watu wa kupokezana. Wengi wa hao wa akiba huimba kwenye kundi kila usiku huku wamebeba kichwani nafasi nyingine moja, mbili au zaidi, wakisubiri kuitwa. Huenda usiku wa kwanza nilimwona mtu yuleyule akiwa mmoja wa wafungwa, nikampita kwa macho.

Wakati wa mapumziko niligeuka nyuma nikagundua skrini ndogo imefungwa kwenye ukingo wa roshani, imeelekea jukwaani, ikionyesha nafasi tupu ya kiongozi wa okestra. Kumbe waimbaji wanapoonekana kutazama mbali, juu ya vichwa vyetu, mara nyingi wanaangalia mikono yake pale. Nusu ya pili nzima nililifurahia jambo hilo: kwamba mtu anaweza kufa kwa uchungu mbele yako na wakati huohuo akahesabu mapigo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Karibu na mwisho, Javert, ambaye maisha yake yameokolewa na Valjean, yule aliyekuwa akiwindwa naye miaka yote, anasimama peke yake juu ya daraja la mto Seine. Ni uzungumzinafsi, kwa nyimbo. Amefanyiwa huruma na hajui aiweke wapi. Shangazi akanishika mkono, akaninong'oneza: "Mwanangu, si ndio ule wa yule mwingine? Wa kule mwanzo, alipotoka kwa askofu?"

Nikataka kumwambia hapana. Halafu nikasikiliza.

Ni uleule. Mwanzoni kabisa Valjean anamwibia askofu vyombo vya fedha, anakamatwa, na askofu anawaambia polisi kwamba alimpa yeye mwenyewe. Valjean anabaki peke yake na huruma hiyo na anaimba akijiuliza yeye ni nani sasa. Wimbo anaouimba ndio huu ambao Javert anauimba darajani. Wanaume wawili wamesamehewa wasipostahili, na wamepewa muziki mmoja. Wa kwanza anatoka ndani yake akiwa mtu mpya. Wa pili anazama. Hakuna mhusika anayetamka ulinganisho huo. Okestra ndiyo inayousema.

Usiku wa kwanza mimi niliyeelewa kila neno sikuusikia. Nilitetemeka pale darajani bila kujua kilichonitetemesha. Shangazi, ambaye maneno hayakuwa na kazi kwake, alikuwa amesikiliza muziki tangu mwanzo, ukamkaa. Nadhani hata mimi ulikuwa umenikaa, ila sikuutambua. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilirudi baada ya siku nne. Wimbo unaoimbwa mapema unawekwa akiba ndani yako, na unaporudi saa mbili baadaye kwenye kinywa cha mtu mwingine, unakuja na kila kilichotokea ulipousikia kwanza. Mara ya kwanza unafanya kazi yake kimyakimya. Mara ya pili unauona ukija, na kuuona ukija ni furaha nyingine. Tamthilia ya The Phantom of the Opera ilichezwa Broadway, kwenye kumbi za New York, mara 13,981, kuanzia 1988 hadi 2023, na sitaki kuamini kwamba viti vile vilijazwa na wageni watupu.

Kuanzia pale masikio yalikuwa yamefunguka. Nikatambua kwamba wimbo wa Eponine wa kutembea peke yake usiku, On My Own, ni ule ambao Fantine, mama yake Cosette, alikuwa akiuimba akifa, akimwita mtoto wake asiyekuwepo. Wanawake wawili waliopenda bila kupata. Mwishoni Valjean anapokata roho wanakuja wote wawili kumchukua, na wanakuja na wimbo huo. Shangazi alikuwa analia waziwazi. Nami pia.

Kasoro zipo. Mapenzi ya Marius na Cosette ni mepesi mno. Wanaonana, wanapendana, basi, na kila mara nilitamani warudi kwa Eponine. Baada ya vizuizi kuanguka vifo vinafuatana mpaka mtu anachoka kuomboleza. Toleo nililoliona mimi ni lile lisilo na jukwaa linalozunguka la mwaka 1985. Badala yake nyuma kuna picha zinazorushwa kwa mwanga, zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, maana mwandishi huyo alikuwa pia mchoraji. Nilizipenda kwenye mifereji ya majitaka, lakini kwingineko zilinivuta macho kutoka kwa watu.

Ukitaka kwenda, soma muhtasari wa hadithi kabla. Haitakupunguzia kitu, na itakuokoa na kutafuta nani ni nani miaka inaporuka kutoka 1815 hadi 1823 hadi 1832. Kama huna uwezo wa viti vya chini, chagua safu za mbele za roshani badala ya kujificha nyuma kama nilivyofanya. Mtoto mdogo usimpeleke. Kuna ukahaba na kuna mtoto anayeuawa kwa risasi. Rekodi za tamasha, ile ya 1995 na ile ya 2010, ni nzuri kwa kujifunza nyimbo, ila kwa sehemu kubwa waimbaji wamesimama mbele ya vipaza sauti, hawaigizi hadithi nzima. Ile ya 1995 nilimwonyesha Shangazi kwa sababu mwishoni wanapanda akina Valjean 17 kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja akiimba kipande kwa lugha yake. Aliirudisha nyuma mara tatu.

Kwa maonyesho yenyewe natoa nyota tano bila kusita. Kwa ukumbi ule, kwa sababu ya sauti ya kule juu, nyota tatu.

Tumeshakata tiketi za mara ya tatu. Katika kusikiliza rekodi wiki hii nimegundua jingine: Marius anapokaa peke yake kati ya viti vitupu vya rafiki zake waliouawa, anachokiimba ni wimbo wa yule askofu, wa kumkaribisha mgeni aliyechoka aingie ndani atoke kwenye baridi. Mwenyeji anayewakaribisha wasioweza tena kuja. Shangazi sijamwambia. Nitakaa kando yake tu, nimpe mkono wangu karibu, nisubiri kama ataushika.