Kitabu cha mapishi ya asili: kupika poa, historia ya kuungaunga

Hiki kitabu cha mapishi ya asili ya dunia nimekipikia sana kwa hiyo naongea nikijua, jina lake naliacha. Upande wa jikoni sina neno, vipimo viko sawa, unga wa piza unaumuka vizuri hata kama oveni yako ni ya kubahatisha. Kinachonikera ni vile viboksi vya "chimbuko" juu ya kila ukurasa, yaani kila chakula lazima kipewe mfalme au malkia wake, na mwaka juu, halafu mwandishi haambii mtu katoa wapi.

Chukua piza ya Margherita. Kaandika bila wasiwasi kwamba 1889 Raffaele Esposito alimpikia malkia Margherita wa Italia pale Naples, na ushahidi ni barua ya shukrani kutoka ikulu, picha yake kaibandika kubwa kweli. Sasa jamani hiyo barua ndiyo yenyewe inayobishaniwa, kuna waliochunguza muhuri na mwandiko wakaona haviendani na vya ofisi ya mfalme wakati ule! Na piza za nyanya na jibini watu wa Naples walishakuwa wanakula zamani tu.

Kwenye pasta ndo kachemka kabisa, ati msafiri Marco Polo kaileta Italia kutoka China. Huyu bwana kurudi Venice ni 1295, wakati al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, mwaka 1154 keshaandika kuhusu tambi zinazotengenezwa Sicily, hukohuko Italia, na kupakiwa melini kwenda kuuzwa, na mji wa Genoa nako kuna hati ya 1279 ya mali za marehemu imetaja kapu la makaroni. Carbonara, ile pasta ya mayai na jibini, nayo kaizeesha karne kadhaa, ila mapishi yake kwenye maandishi huyakuti kabla ya miaka ya 1950.

Kilichonichekesha ni sosi ya Kirumi, kasema kaitoa kwa Apicius, kile kitabu cha mapishi cha Warumi wa kale, "kama ilivyoandikwa" halafu kaweka gramu. Gramu za wapi? Mapishi mengi ya Apicius hayana vipimo, na nakala zake kongwe tulizonazo zenyewe ni za karne ya 9. Angesema tu nimekadiria, nani angemlaumu, na sosi yenyewe tamu.

Nyota 3 kati ya 5. Wakitoa toleo jingine wafute hivyo viboksi waweke jedwali la kugeuza gramu kuwa vikombe, maana halipo, na ndilo unalolitafuta mikono imejaa unga.