Kipima chumvi cha maji, kidude kidogo ila kina maneno

Nimekaa na hiki kidude cha kupima EC (yaani maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi namba inapanda) msimu mzima sasa na kusema kweli kimenifumbua macho. Unakichovya kwenye maji sekunde chache kinakupa namba, ikiwa chini ya 0.7 dS/m (ndo kizio cha EC) mwagilia tu bila wasiwasi, ikipita 3 hapo ndo kasheshe maana chumvi inawanyonya maji bakteria na kuvu wa udongoni, wanasinyaa, kazi ya kuozesha masalia inalala. Mi mazao yakikataa nilikuwa nalaumu mbegu bure! Afu nikapima maji niliyoyeyushia mbolea, namba ikaruka juu, kumbe mbolea nayo ni chumvi, ndo nikaanza kuigawa kidogo kidogo. Sema hakikwambii sodiamu ni kiasi gani wala pH (kiwango cha asidi), na mbolea ya yurea ukiirundika miaka na miaka udongo unakuwa na asidi, bakteria wengi hawaipendi hiyo hali, kwahiyo kipimo cha pH utatafuta kingine. Mbolea ya fosfeti ikizidi nayo inapunguza kuvu wanaoishi na mizizi, hilo hakilioni kabisa. Betri inadumu. Ila kifuniko kinalegea hovyo, changu kishatumbukia kwenye ndoo ya maji mara mbili. Nyota 4.