Pete ya tanzanite kwenye mkono wa msusi: uzoefu wangu wa kuisafisha

Mimi ni msusi, na tangu mwaka jana navaa pete ya uchumba ya tanzanite. Kutwa mikono yangu imo kwenye mafuta ya nywele, jeli na maji ya shampuu, kwa hiyo pete hii inachafuka haraka kuliko ya mtu anayeshinda ofisini. Nimejaribu kuisafisha mwenyewe nikakosea, nimeipeleka kwa masonara wawili, na sasa nina utaratibu ninaoufuata. Nauandika kwa ajili ya dada yeyote aliyevishwa jiwe hili na hakuambiwa namna ya kulitunza, maana mimi sikuambiwa.

Pete yenyewe ni dhahabu ya karati 18, ndani imepigwa muhuri wa 750 (yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu tupu), na jiwe ni moja tu, umbo la yai, limeshikwa na vikucha vinne, vile vijino vya dhahabu vinavyolikumbatia. Mchumba wangu alilichagua mwenyewe Arusha. Alitaka jiwe la nyumbani, na tanzanite duniani kote inachimbwa Mererani tu, kule Simanjiro. Ukiigeuza taratibu, upande huu ni bluu iliyokolea, upande ule zambarau. Usiku chini ya taa ya njano zambarau ndiyo inazidi. Rangi hiyo ndiyo iliyonitoa machozi siku ya kuvishwa.

Mwezi wa nne rangi ikapotea. Bluu ikawa kama wino uliochuja, na ule mng'ao wa ndani haupo kabisa. Nilikaa siku tatu na hofu kwamba tumeuziwa jiwe bandia, na sikuweza kumwambia mchumba wangu. Siku ya nne nikaipindua pete kwenye mwanga wa dirisha nikaangalia chini ya jiwe. Kulikuwa na utando wa kijivu, mafuta yaliyoshikana na jeli na vumbi, umejaa hadi kwenye kona za vikucha. Baadaye nilielewa kinachotokea: mwanga unaingia kwa juu, unagonga pande zilizochongwa chini ya jiwe, halafu unarudi machoni. Chini kukiwa na mafuta, haurudi kama inavyotakiwa. Kwa hiyo unaweza kusugua juu hadi uchoke, jiwe litabaki limefifia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dawa ya meno. Shoga yangu alinihakikishia kwamba yeye husafishia nayo hereni zake. Nilianza na dhahabu, na nashukuru Mungu nilianzia huko, kwa sababu nilipoisuuza nikaona mikwaruzo myembamba kama nywele pande zote za pete. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia. Jiwe sikuligusa.

Nikaenda kwenye duka la kwanza, mjini. Kijana wa pale aliipokea vizuri, akaiangalia kidogo, akataka kuitumbukiza kwenye ile mashine ya kusafishia kwa mtetemo wa mawimbi ya sauti. Nikauliza kama inafaa kwa tanzanite. Akasema hata almasi zinaingia humo. Jibu hilo halikuniridhisha, nikaomba pete yangu nikaondoka. Duka silitaji, na huenda yule kijana hakufundishwa. Ila ujue: tanzanite ina upande ambao hupasuka kwa urahisi, na kama ndani kuna ufa mdogo usioonekana, mtetemo wa mashine unaweza kuuendeleza hadi jiwe likatike. Mvuke wa moto nao haufai, wala kulitoa kwenye maji moto na kulitia kwenye ya baridi ghafla.

Wiki ile ile nikiwa namsuka mteja, uzi wa rasta ukanasa kwenye pete. Nikautoa. Nywele ya pili, ukanasa tena, pale pale. Nikapitisha ncha ya kidole juu ya jiwe: vikucha vitatu vilikuwa laini, cha nne kinakwaruza. Kilikuwa kimeinuka kidogo sana, macho yangu hayakukiona. Nikaisogeza pete sikioni na kuigonga taratibu kwa ukucha, nikasikia kamlio kadogo. Jiwe lilikuwa linacheza. Nilivua pete palepale, nikaifunga kwenye leso, nikamwomba mwenzangu amalizie kichwa cha mteja.

Sonara wa pili ni mzee, na nilielekezwa kwake na mteja wangu. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti, akaiweka pete chini ya lenzi bila kusema neno. Kisha akanipa lenzi nami niangalie. Kwa mara ya kwanza nikakiona kile kikucha kimesimama kama kope, na chini yake kipande cha uzi mweusi wa rasta.

“Binti, hili si almasi,” akaniambia. “Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, cha 1 hadi 10, almasi ni 10. Hili liko kati ya 6 na 7. Na mchanga ulio kwenye vumbi ni 7. Wewe ukiona vumbi unafanyaje?”

Nikamwambia huwa nafuta kwa kitambaa. Akatikisa kichwa. “Usilifute kavu, mchanga utalikwaruza. Limwagie maji kwanza, vumbi lishuke.”

Akaisafisha mbele yangu, kwa mkono, na maji ya uvuguvugu. Akakikaza kikucha kwa koleo ndogo huku akikagua kwa lenzi kila baada ya kubonyeza, akavipitia na vile vitatu, akaigonga pete sikioni kwake, kisha akanipa niigonge mwenyewe. Kimya. Mikwaruzo ya dawa ya meno akaing'arisha pembeni tu, akanieleza kwamba kila ukiing'arisha dhahabu unaipunguza kidogo, kwa hiyo nisiwe naomba huduma hiyo mara kwa mara. Sonara anayekushauri usimletee kazi ni wa kumshika. Nililipa shilingi 10,000 za kusafisha na 15,000 za kikucha, na sikuona ni ghali. Kitu kimoja tu: yuko peke yake, na foleni yake ni ndefu. Nilikaa saa mbili na nusu. Nenda asubuhi.

Nyumbani sasa nafanya hivi kila Jumapili. Bakuli la plastiki, siyo sinki. Kwenye sinki pete ikiponyoka imekwenda. Maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, na matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo. Pete inalala humo dakika kama kumi, mafuta yalegee. Kisha mswaki laini wa mtoto, mpya, kwa kazi hii tu, nikianzia chini ya jiwe na katikati ya vikucha. Nasuuza kwenye bakuli la pili lenye maji ya uvuguvugu ule ule, nakausha kwa kubonyeza na kipande cha kanga kuukuu, ile iliyofuliwa ikalainika. Ndimu, siki, magadi na dawa ya kufulia nguo nyeupe vikae mbali. Klorini iliyo kwenye dawa hiyo inaiharibu hata dhahabu yenyewe.

Saluni siivai tena. Hili liliniuma, kwa sababu napenda watu waione, na mchumba wangu mwanzoni aliuliza kwa nini mkono uko mtupu. Nilimwonyesha ule uzi wa rasta, nilikuwa nimeutunza kwenye karatasi. Siku ya pili akaniletea kiboksi chenye kitambaa laini ndani, ndimo inamokaa, peke yake, isikwaruzane na bangili. Nikimaliza kazi nanawa mikono, naivaa, natoka nayo. Nikikanda unga wa chapati naivua pia, na nikipaka losheni nasubiri ikauke kwanza.

Mzee aliniambia nirudi baada ya miezi sita avikague vikucha. Tarehe nimeiweka kwenye simu, nikaisogeza mbele kidogo iangukie wiki mbili kabla ya ndoa, ili kama kuna kinachohitaji kukazwa, kikazwe mapema.